Mchanga, Kioo na Gundi: Uainishaji wa Vitafunwa Vilivyovishwa Sukari, Eneo la Kwa Sadala

Mgomba wa Kilimanjaro umeshapata haki yake ya kisayansi. Mchare una seti mbili za kromosomu ilhali ndizi nyingi za sokoni duniani zina tatu, na wataalamu wa Tengeru watakueleza hilo hata usipowauliza. Kahawa ilipata chama chake, KNCU, mwaka 1933. Koo za Wachaga nazo zimepangika kiasi kwamba ukitaja jina lako la mwisho dukani, Mangi anajua kwenu ni Machame, Kibosho au Rombo, na anajua pia kama akukopeshe. Lakini karanga za sukari zinazopenyezwa dirishani mwa Kosta pale Kwa Sadala hazijawahi kuainishwa na mtu. Zinatafunwa, zinamezwa, na elimu yote inapotea kabla gari halijafika Bomang'ombe.

Jambo hili lingeweza kusubiri kama si ujio wa mgeni. Kila Desemba, Wachaga wanapopanda kwao kula Krismasi, wajukuu kutoka Dar es Salaam wanashuka garini na simu mkononi, na katika simu hiyo kuna tufaha lililochomekwa kijiti, likachovywa kwenye karameli, likagaragazwa kwenye njugu zilizopondwa. Wanataka litengenezwe nyumbani, leo. Huku kwetu mgeni hapewi kiti cha mbele kabla hajaulizwa ni wa ukoo gani. Makala haya yanamuuliza.

Tuanze na mipaka, maana uainishaji usio na mipaka ni gumzo. Ili kitu kihesabiwe kuwa kimevishwa sukari, sharti kitimize mambo matatu. Kwanza, kiwe na kiini kinachoweza kujitegemea: karanga, mbegu, tunda, kipande cha unga. Pili, kiwe na vazi la sukari iliyopikwa. Andazi lililonyunyiziwa sukari juu halimo. Hilo limejipaka poda, halijavaa. Muwa haumo, kwani utamu wake ni wa kuzaliwa. Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoangukia, kiwe na mlio. Mlio una madaraja matatu: la kwanza anausikia mtafunaji peke yake, la pili anausikia jirani yake wa kiti, na la tatu kondakta anageuka.

Kwa vigezo hivyo, jamii nzima inagawanyika katika koo tatu.

Ukoo wa Mchanga ndio wenye watu wengi. Karanga mbichi, sukari na maji kidogo vinaingia sufuriani pamoja. Maji yanachemka, shira inakuwa nzito, kisha ghafla, bila taarifa, kila kitu kinakauka na kugeuka mchanga mweupe. Hapo ndipo anayejifunza huzima jiko na kuomba radhi. Mzoefu haombi radhi. Anapunguza moto na kuendelea kukoroga mpaka sehemu ya mchanga ule iyeyuke tena na kuishika karanga kwa ganda lenye mikwaruzo. Kilichotokea ni kwamba chembechembe za sukari zimepata nafasi ya kujipanga zikawa fuwele. Visheti vimo humu, na ubuyu pia, ingawa ule mwekundu wa Zanzibar wenye hiliki na pilipili unajiona wa juu zaidi na hupenda kukaa meza yake.

Ukoo wa Kioo ni wa kinyume. Hapa sukari inayeyushwa ikavuka kiwango, halafu inapozwa haraka kiasi kwamba chembechembe zake hazipati muda wa kujipanga zikawa fuwele. Zinagandia pale pale zilipokuwa, ovyo ovyo, kama zilivyo chembe za kioo cha dirisha. Kashata ya karanga ndiyo mkuu wa ukoo huu. Inamwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa ingali moto. Ukichelewa dakika mbili hukati tena, unavunja. Ng'ambo, ukoo huu unawakilishwa na tufaha jekundu la pipi. Anayetajwa kulibuni ni William Kolb, mtengeneza pipi wa Newark, Marekani, mwaka 1908. Inasimuliwa kwamba alichovya matufaha kwenye pipi nyekundu ya mdalasini ili apambe dirisha la duka wakati wa Krismasi, wateja wakataka kununua mapambo.

Ukoo wa Gundi ni wale walioolea kwa ng'ombe. Sukari inapikwa na maziwa na siagi, protini za maziwa zinakutana na sukari kwenye moto, na hapo inatoka ile rangi ya hudhurungi na harufu ambayo sukari peke yake haiwezi kuitoa. Tofi ni ya hapa. Tufaha la karameli nalo ni la hapa, na ni dogo kiumri kuliko lile jekundu: sifa hupewa Dan Walker, mfanyakazi wa Kraft, ambaye katika miaka ya 1950 aliyeyusha tofi zilizobaki baada ya msimu wa sikukuu akachovya matufaha ndani yake. Yaani viporo.

Kabla ya kuendelea, kuna kesi mbili zilizoleta ugomvi. Kashata ya nazi ni fuwele tupu, lakini mafuta na unyevu wa nazi vinaifanya isilie. Kwa kigezo cha tatu ilipaswa kutolewa nje. Tumeiacha ndani kwa sababu za usalama, maana nusu ya wasomaji wana shangazi Tanga. Kesi ya pili ni kalimati, ambayo ikitoka kwenye shira ni kioo, baada ya saa moja ni gundi, na kesho yake haieleweki. Hiyo ni popo wa jamii hii: ndege wanamkana na wanyama wanamkana.

Sasa tufike kwenye Sheria ya Mteremko, ambayo ndiyo mchango wetu mkuu kwa taaluma.

Mapishi ya karameli yanayotoka ng'ambo yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi usawa wa bahari. Yanasema gundi ipikwe hadi nyuzi 118 za Selsiasi na kioo hadi 150 hivi. Lakini nyuzi zile si kitu chenyewe. Ni shahidi tu. Kinachotakiwa hasa ni kujua maji yaliyobaki. Shira ikifika 118 kule pwani ina maji kama asilimia 13, na ikifika 150 ina kama asilimia moja. Ukubwa wote wa tofauti kati ya kitu kinachonata na kitu kinacholia ni hayo maji. Na maji, kama kila mwanafunzi wa shule ya msingi Hai anavyofundishwa ingawa haamini, huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Tanga ni nyuzi 100. Kwa Sadala, kwenye mwinuko wa mita 900 na ushei, ni 97 hivi. Ukipanda Machame ukapita mita 1,500, ni 95. Kwa hiyo kila kipimo cha kitabu kipunguzwe kwa kiasi hicho hicho: gundi ya Kwa Sadala inaiva kwenye 115, ya Machame juu kwenye 113. Anayeng'ang'ania 118 huku juu atakuwa ameukausha mchanganyiko kupita kiasi, na tufaha lake litang'oa meno. Kileleni Uhuru, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi 80 na kidogo, hivyo kioo kingepatikana kwenye 130. Jaribio halijafanyika kwa kuwa hakuna mpagazi aliyekubali kubeba sufuria.

Kuna pingamizi moja dhidi ya sheria hii na ni halali. Sukari inayoyeyushwa kavu, bila tone la maji, kama wafanyavyo wapishi wengi wa kashata, haijali mwinuko. Kule kugeuka rangi kunaanzia kwenye nyuzi 160 hadi 170, pwani na mlimani vilevile, kwani hakuna maji ya kufukuzwa. Pengine ndiyo maana kashata haina lafudhi: ya Moshi na ya Mombasa zinasikika sawa.

Jambo lingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilijui ni sukari yenyewe. Wao wanaanza na sukari nyeupe kama chumvi, kisha wanamwambia mpishi angoje rangi ya kahawia. Sukari yetu ya mezani, pamoja na ile ya TPC inayolimwa pale Arusha Chini, kusini mwa Moshi, tangu Wadenmaki wa A.P. Møller waanzishe shamba lile mwaka 1930, ina rangi ya dhahabu hafifu tangu ikiwa pakitini. Shira yake inaanza safari ikiwa tayari imefanana na mwisho wa safari. Macho yatakudanganya, tumia pua. Harufu ya utamu mtupu maana yake bado, harufu ya tofi maana yake toa, na harufu ya moshi maana yake umeshachelewa. (Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño ziliposimamisha viwanda na sukari ikaadimika nchini, jamii nzima tunayoichunguza hapa iliingia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Imepona.)

Kipimajoto kwa kawaida hakipo, na hakihitajiki. Lipo bakuli la maji baridi. Tone la shira likidondoshwa humo na kutawanyika, rudi kalale. Likifanya kidonge laini kinachobonyea, umekaribia. Kidonge kikishika umbo lakini kikikubali kubanwa, hiyo ni gundi. Kikivunjika kwa mlio, hicho ni kioo. Njia hii inapima maji yaliyobaki moja kwa moja, haina habari na mwinuko, na kwa hiyo ni ya kisayansi zaidi kuliko kipimajoto. Tulilithibitisha hilo katika jiko moja la Masama, siku mbili kabla ya Krismasi, ambako mjukuu wa kike, mwenye simu, alikuwa akimsimamia bibi yake, mwenye mwiko.

"Bibi, video inasema mpaka nyuzi 118."

"Hiyo video imepikiwa wapi?"

"Marekani."

"Kuna migomba hapo nyuma ya huyo mpishi?"

Mtoto akaangalia. "Hakuna, Bibi."

"Basi mwache na nyuzi zake. Nipe lile bakuli la maji."

Akadondosha tone, akalivua kwa vidole viwili, akaligonga kwenye ukingo wa bakuli la bati. Halikulia. "Ikilia ni ya karanga," akasema. "Isipolia ni ya hayo matunda yenu." Kwa sentensi mbili alikuwa amefikia mgawanyo wa Kioo na Gundi ambao sisi tumetumia ukurasa mzima.

Wapishi wenyewe nao ni jamii inayostahili kuainishwa, walau kwa haraka. Kuna Wakorogaji, ambao hawawezi kuiacha shira itulie. Hawa wanafaa kwa ukoo wa Mchanga na ni balaa kwa Kioo, kwani kila mzunguko wa mwiko unaialika fuwele. Kuna Wafunikaji, wanaoweka mfuniko dakika mbili za mwanzo ili mvuke uoshe chembe zilizoganda pembeni mwa sufuria. Hawa ni wachache na wana haki ya kuringa, maana chembe moja tu iliyobaki pale inatosha kuigeuza sufuria nzima kuwa mchanga. Kuna Wapokea-simu. Shira inatoka kahawia hadi nyeusi katika muda wa kuulizana habari za nyumbani, na kwa Mchaga aliyepigiwa simu na shemeji, habari za nyumbani haziishi kwa muda huo. Na kuna Waonjaji, ambao hutambulika kwa kidole kilichofungwa kitambaa.

Wale wanaoogopa fuwele huongeza ndimu. Sababu yake ni nzuri: asidi inavunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa watu wa aina tatu haujipangi kirahisi kama umati wa aina moja. Lakini ndimu ni ya Kioo peke yake. Ukiitia kwenye Gundi yenye maziwa, maziwa yanakatika na utapata kitu ambacho hakina ukoo. Kwa Gundi tia kijiko cha asali, kinafanya kazi ileile bila ugomvi.

Tunarudi kwa mgeni. Udhaifu wa tufaha la karameli hauko kwenye karameli, uko kwenye tufaha. Karanga ni kavu. Tunda ni gunia la maji. Tena tufaha linalouzwa Moshi, ambalo mara nyingi limetoka Afrika Kusini, limepakwa nta ili ling'ae, na karameli haishiki juu ya nta. Matokeo yake hujulikana kitaalamu kama Sketi: vazi lote linateleza taratibu na kukusanyika chini, tunda likabaki kifua wazi. Dawa ni kulichovya kwenye maji ya moto sekunde chache, kulisugua kwa kitambaa kikavu, na kuliacha lipoe lisiwe na jasho. Lililotoka kwenye friji lisiguswe. Chagua madogo, na yenye uchachu. Lile la kijani la Granny Smith, lililoanzia kwa mama mmoja wa Australia mwaka 1868, linafaa kwa sababu linajua kubishana na sukari. Ya Lushoto na Njombe ni mazuri ukiyapata, na hayana nta.

Kuhusu mbadala, tulijadili kwa muda mrefu. Embe bichi lilifaulu vizuri, pengine kuliko tufaha, ingawa umbo lake halikai wima. Pera gumu lilipita. Ndizi ya kisukari, licha ya kuwa mwenyeji na licha ya jina, ililainika na kuanguka kutoka kwenye kijiti. Kuna aliyependekeza parachichi na jina lake halitatajwa hapa.

Kijiti ni cha mishikaki, lakini kimoja hakitoshi. Tunda linazunguka juu yake. Choma viwili sambamba kutokea kwenye kikonyo.

Kwa matufaha sita madogo: sukari gramu 300, siagi gramu 80, krimu au maziwa mazito yaliyoenguliwa juu mililita 200, kijiko cha asali, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. Sufuria iwe kubwa mara tatu ya unavyodhani, kwani mchanganyiko huu hupanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Moto wa wastani, mkaa uliokwisha shika na si unaowaka. Koroga (huu si Kioo, ruhusa ipo) mpaka kidonge kishike umbo. Epua, ngoja mapovu yafe na mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kuacha njia nyuma ya mwiko. Chovya, zungusha, geuza juu chini kwa kama nusu dakika, kisha gusisha chini tu kwenye vipachikwa, yaani vitu vya kutafunika vilivyopondwa. Weka kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni na kupakwa mafuta. Kwa Sadala jani la mgomba si tatizo.

Vipachikwa ndivyo vinavyoleta mlio, na hapa ndipo tulipogundua siri ya mgeni wetu. Yeye mwenyewe, akiwa Gundi, halii hata kidogo. Mlio wote amekopa: karanga zilizokaangwa na kupondwa, ufuta, korosho, vipande vya kashata iliyovunjwa. Kwa hiyo tufaha la karameli lenye vitu vya kutafunika si spishi, ni ndoa. Bwana harusi ni wa ukoo wa Gundi, bibi harusi ni wa Mchanga au Kioo, na tunda ni ile nyumba waliyojengewa, yenye unyevu.

Ndoa hizi hazina uimara sawa. Bisi zinalowa kabla ya jioni. Biskuti zinalowa kabla ya bisi. Nazi iliyokaangwa inastahimili, mradi iwe kavu kweli. Karanga zinashika zikipondwa nusu nusu. Zikiwa nzima zinaanguka, zikiwa unga hazilii. Lakini ugunduzi mkubwa wa kazi hii ni krispi za ndizi, zile za ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba na kukaangwa kwa chumvi. Zikivunjwa vipande vya ukubwa wa ukucha zinatoa mlio wa daraja la tatu, na ile chumvi inafanya karameli isikinaishe. Punje za kahawa zilizokaangwa na kupondwa kidogo tulizijaribu kwa heshima ya mkoa. Watu wazima walizisifu. Watoto walizitema.

Tulikusudia pia kuwaainisha walaji kwa hali ya meno yao, tukaacha. Katika ukanda huu, kuanzia Arumeru kuja Hai, maji ya vyanzo vingi yana floraidi nyingi, na jino la kahawia linaweza kuwa ni la mtu ambaye hajawahi kuonja pipi maishani. Takwimu zingekuwa za uongo na watu wangeonewa.

Limebaki suala la kuhifadhi. Mwaka 2014 huko Marekani, watu 35 waliugua listeria, karibu wote wakalazwa hospitali, na chanzo kikawa matufaha ya karameli ya dukani. Wataalamu walishangaa, maana tufaha lina asidi na karameli ina sukari nyingi, na bakteria hapendi lolote kati ya hayo mawili. Kosa lilikuwa la kijiti. Kinapochomwa kinatoa juisi, juisi inajikusanya kati ya ganda na karameli, na katika ufa ule mwembamba, kwenye joto la sebuleni, bakteria anapata makao. Kwa hiyo likitengenezwa lioshwe vizuri, liliwe siku hiyohiyo, na likilala lilale kwenye friji, hata kama litatoka na jasho na Sketi.

Ushauri huo, hata hivyo, umeleta shida ya kitaaluma. Kanuni za uainishaji zinadai kila spishi iwe na kielelezo kimoja kilichohifadhiwa, ambacho wataalamu wa baadaye watakirejea. Sisi tulikitenga kimoja, chenye krispi za ndizi, kikawekwa juu ya kabati chini ya kawa na karatasi iliyoandikwa KISIGUSWE. Kufikia saa kumi na mbili jioni kilichopatikana ni karatasi na vijiti viwili. Watoto wote walihojiwa na kila mmoja alimtaja mwingine. Kijiti kimoja tumekihifadhi kwa ajili ya taaluma. Cha pili kilichukuliwa na baba mdogo, aliyekuwa na mishikaki yake nje na alipungukiwa kimoja.